Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto: Hadithi Kwanza, Mapambo Baadaye

Mijini siku hizi, sherehe nyingi za kuzaliwa za watoto wa miaka minne hadi sita hupangwa kwa ajili ya picha. Mzazi akishachagua mada, tuseme bahari, kinachofuata ni hesabu ya maputo ya buluu, keki yenye umbo la samaki, pazia la nyuma ya meza na fulana za familia. Mada inaishia ukutani. Wageni wadogo wakifika, mshereheshaji anafungulia muziki, jumba la kurukia linajazwa upepo, na haupiti muda kabla watoto hawajaanza kusukumana kwenye foleni na kulia. Mada ina kazi kubwa kuliko kupamba. Ndiyo inayomwezesha mtoto mdogo kufuata kanuni za mchezo, na ndiyo maana michezo ya kutengeneza nyumbani inamfaa kuliko ya kukodi, hata pale ambapo pesa ipo.

Ushahidi wa jambo hili ni wa siku nyingi. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky alieleza katika mhadhara wa mwaka 1933 kwamba mchezo wowote wa kuigiza una kanuni ndani yake: mtoto anayejifanya mama hafanyi tu lolote linalomjia, anajitahidi kutenda kama mama. Mwaka 1948 mtafiti Z. V. Manuilenko alichapisha majaribio ambamo watoto wadogo walitakiwa kusimama bila kutikisika. Walipoagizwa tu wasimame, walichoka upesi. Walipofanywa walinzi wa zamu ndani ya mchezo, walivumilia muda mrefu zaidi. Yeyote anayewapanga watoto foleni aone hapo msaada wake. Mtoto anayeambiwa “subiri zamu yako” anaisikia amri. Anayeambiwa yeye ni baharia na upepo wa kumvusha haujafika, anasubiri kwa hiari yake, kwa kuwa kusubiri ni sehemu ya mchezo.

Chukua hiyo hiyo bahari. Samaki hukatwa kwenye maboksi ya biskuti kwa ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, watoto wenyewe wakawapaka rangi, na kila samaki akabanwa mdomoni kibanio cha chuma cha karatasi. Kijiti hufungwa uzi, na mwisho wa uzi huning’inizwa sumaku ya spika mbovu kutoka kwa fundi redio, ambayo mara nyingi ina tundu katikati na hivyo hufungika vizuri. Iwe nzima na kubwa kiasi cha kutoingia mdomoni, maana vipande vya sumaku ni hatari sana vikimezwa. Kanga ya buluu ikitandikwa sakafuni ni bahari, na wavuvi hukaa ukingoni. Hapa hakuna haja ya kugombeza mtu asikanyage samaki: anayeingia majini anazama, na watoto wenyewe watakumbushana. Kanga mbili zikishonwa pamoja, watoto wanane wakashika kingo zake, mpira wa soksi unakuwa jahazi linalopita kwenye mawimbi, na kazi ya wote ni kulizuia lisianguke. Hata rede inaingia humo: wanaorusha mpira ni wavuvi, walio katikati ni samaki wanaokwepa. Jumba la upepo watoto wanalipenda, hakuna ubishi, lakini haligeuzwi liendane na hadithi, wala halimfundishi anayeruka kumngoja mwenzake.

Wapo watakaouliza kama michezo isiyo na mshindi haiwadekezi watoto. Swali ni la haki, ila jibu linategemea umri. Mildred Parten, aliyechunguza watoto wa chekechea huko Minnesota, Marekani, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1932, aliona kuwa wadogo zaidi hucheza peke yao au ubavuni mwa wenzao, na kwamba kushirikiana huongezeka wanavyokua. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu apewe kijiti chake na samaki wake, mashindano yamsubiri. Wa miaka sita au saba ahesabu samaki wake na kushindwa akipaswa kushindwa. Kasoro iko kwenye michezo ya kutoa mtu, kama kugombea viti muziki ukizimwa, ambapo aliye mdogo au mzito hutoka mwanzo na kukaa kuwatazama wenzake. Badala ya viti, tandika mikeka iwe visiwa. Kila muziki ukizimwa kisiwa kimoja kinazama, lakini hatoki mtu. Wote wanabanana kwenye visiwa vilivyobaki.

Pingamizi la pili ni aibu: wageni watasema maboksi ni dalili ya kuishiwa. Watu wazima huenda wakasema, lakini sherehe si yao, na mtoto anayevua samaki haulizi boksi lilinunuliwa wapi. La tatu ni muda, na hili lina uzito kwa mzazi anayerudi kazini usiku. Nafuu ni kupunguza: michezo mitatu inatosha saa mbili za sherehe, na mtoto akishirikishwa kukata na kupaka rangi jioni za wiki hiyo, maandalizi nayo yanakuwa sehemu ya furaha yake. Na familia ambazo kwa imani zao haziadhimishi siku za kuzaliwa hazijaachwa nyuma, kwani mpango huu unafaa vilevile Idi au siku ya kufunga chekechea.

Kwa hiyo bajeti igeuzwe kichwa chini. Mzazi aanze na hadithi moja ambayo mtoto wake tayari anaipenda, aandike michezo mitatu inayotoka humo na vifaa vyake, kisha apange chakula na keki. Kinachobaki ndicho kiende kwenye maputo, na yaliyopasuka yaokotwe mara moja, kwa kuwa vipande vyake huweza kumkaba mtoto mdogo.