Joto la Mombasa haliongezi umeme wa paneli

MKAZI wa Buxton, kisiwani Mombasa, anayenuia kununua paneli ya kawi ya jua huenda akaamini kwamba kadiri jua linavyochoma ndivyo umeme unavyozidi. Imani hiyo ina kasoro, na yaweza kumtia hasara.

Paneli hutumia mwanga wala si joto. Mwanga wa jua husafiri kwa mawimbi ya urefu mbalimbali, ambao hupimwa kwa nanomita. Jicho la binadamu huona mawimbi ya kuanzia nanomita 400 hivi, yenye rangi ya zambarau, hadi 700 hivi, yaliyo mekundu.

Paneli nyingi zilizoko madukani zimeundwa kwa silikoni, ambayo hutokana na mchanga. Silikoni hunasa mawimbi yasiyozidi nanomita 1,100 hivi. Yaliyo marefu zaidi, miongoni mwa miali isiyoonekana ya infraredi, hayana nguvu za kutosha kubandua elektroni ili umeme upatikane. Hupita bure au hugeuka joto.

Mawimbi mafupi, kama ya samawati, nayo yana nguvu kupita kiasi. Kwa kawaida chembe moja ya mwanga hubandua elektroni moja tu, na nguvu zinazobaki hupotea kama joto.

Kutokana na hasara hizo, wanasayansi William Shockley na Hans Queisser walionyesha mwaka 1961 kwamba seli ya aina hiyo, hata iundwe kwa ustadi gani, haiwezi kugeuza zaidi ya takriban thuluthi moja ya kawi ya jua kuwa umeme.

Joto lenyewe huzidisha hasara. Wati zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za selsiasi. Juu ya mabati, seli zaweza kufikia nyuzi 60. Kwa kila nyuzi inayozidi 25, paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Hivyo, paneli ya wati 100 hutoa 86 hivi, hata jua likiwa la utosi.

Kwa hivyo, mnunuzi aijaribu paneli juani kwa mita, wala si chini ya taa ya dukani, ambayo mwanga wake ni hafifu mno. Anapoifunga paani, aache nafasi ya upepo kati yake na bati, mahali ambapo kivuli cha majengo marefu hakifiki.