Je, Yuko Tayari Kuacha Pombe?

Leo tuzungumze kuhusu mtu wa nyumbani mwako anayelewa kila siku, awe mume, ndugu au kijana wako. Mara nyingi jamaa humleta kliniki wakimshika mkono na kuniambia, "Sista, mwambie aache." Nikimwambia tu, ataitikia kwa heshima, kisha jioni atapitia kwa muuza chang'aa.

Ndiyo sababu mshauri huanza kwa kupima utayari wake. Wataalamu wawili wa Marekani, Prochaska na DiClemente, waliochunguza watu wanaoacha sigara, walieleza mwaka wa 1983 kwamba mtu hubadilika hatua kwa hatua. Kuna asiyeona shida yoyote: "Nakunywa kwa pesa yangu." Kuna anayesitasita, leo anataka, kesho hataki. Kuna anayejiandaa, aliyeanza kuacha, na anayejitahidi asirudie. Kurudia pombe si ajabu. Wengi huzunguka hatua hizo mara kadhaa.

Utajuaje aliko? Sikiliza maneno yake. Anayesema, "Najua pombe inanimaliza, lakini..." yuko katikati. Hiyo "lakini" usiirukie kwa ukali, kwani ukimsukuma ataanza kuitetea pombe.

Mshauri humuuliza, "Kutoka sufuri hadi kumi, kuacha pombe kuna umuhimu gani kwako?" Akisema nne, hatuulizi mbona si kumi. Tunauliza, "Kwa nini nne, si moja?" Hapo atataja mwenyewe karo ya watoto, tumbo linalomuuma, au aibu mbele ya wakwe. Sababu zake zina nguvu kuliko zangu na zako. Kisha tunauliza: ana imani kiasi gani kwamba ataweza? Wako wanaotaka sana lakini hawana imani. Hao wanahitaji mpango, si mahubiri.

Tahadhari, mama: anayekunywa sana kila siku asifungiwe nyumbani ili aache ghafla. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata kifafa. Akionyesha dalili hizo, mkimbize hospitali. Na akikupiga, au akisema anataka kujiua, usingoje awe tayari. Tafuta msaada siku hiyo hiyo, wewe na watoto muwe mahali salama.

Kama bado hajakubali kuja, njoo wewe kwanza. Tutazungumza.