Sahani moja, mmoja tu anavimba: tuelewe alerji ya chakula



Katika mikutano yetu na vikundi vya bonde la Ruzizi na vya pembeni ya ziwa, tangu Sange na Kiliba hadi Uvira, Makobola na Swima, habari ya namna hii tunaisikia mara kwa mara. Watu wamekaa kula pamoja: bugali ya muhogo, ndagala, sombe iliyotiwa karanga. Kisha kidogo, mmoja anaanza kujikuna. Midomo inavimba, macho yanafungika, sauti inakwama. Wengine wote wako wazima. Basi macho ya watu yanamgeukia mama aliyepika, na neno linatoka: sumu. Karuho.

Neno hilo linaumiza mara mbili. Mgonjwa anapelekwa kutapishwa, na wakati wa kumwokoa unapita. Na mama aliyepika anabaki na jina baya katika kijiji kwa kosa ambalo hakulifanya. Hatusemi kwamba sumu haiko duniani. Tunasema kwamba kuna ugonjwa unaofanana nayo sana, nao unaweza kushika mtu mmoja tu kati ya wote waliokula sahani moja. Wanganga wanauita alerji ya chakula. Katika vitabu vya Kiswahili utaona pia neno mzio.

Alerji ni nini?

Mwili wa kila mtu uko na walinzi wake wa kupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa watu wengine walinzi hao wanakosea. Wanaona chakula kizuri, tuseme karanga au yai, na wanakichukua kama adui. Siku mtu anapokila tena, mwili unamwaga dawa yake ya vita, inayoitwa histamini. Ni hiyo histamini inayoleta kujikuna, kuvimba, kutapika na kubanwa kifua. Chakula chenyewe hakina ubaya, ndiyo sababu jirani anakila na kulala vizuri.

Mambo mawili yanashangaza watu. La kwanza: mtu anaweza kula chakula miaka mingi bila shida, halafu siku moja mwili ukakikataa. La pili: kwa mwenye alerji, kidogo tu kinatosha. Kijiko kilichotoka katika sufuria ya karanga kinaweza kumwangusha.

Vyakula vinavyoleta alerji mara nyingi vinajulikana: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, soya, ngano, samaki, kamba na kaa wa baharini, ufuta, na kokwa kama korosho. Hesabu wewe mwenyewe: karanga na soya tunalima, ndagala na mikeke tunavua, mayai na maziwa tunauza. Jambo hili linagusa kazi yetu moja kwa moja.

Si kila ubaya baada ya kula ni alerji

Hapa tuangalie vizuri, sababu dawa ya kila ugonjwa iko tofauti.

Alerji inakuja haraka: mara nyingi kwa dakika chache, na kwa kawaida haipiti saa mbili. Inarudi kila mara mtu akila chakula kile kile.

Samaki aliyekaa juani. Ndagala ni wa jamaa moja na sardini. Samaki wa namna hiyo akikaa kwenye joto kabla ya kukaushwa au kupikwa, vijidudu vinaweza kutengeneza histamini ndani ya nyama yake. Mtu akimla, uso unakuwa mwekundu, ngozi inawasha, kichwa kinauma, sawasawa na alerji. Tofauti ni hii: hapa wengi waliokula wanaumwa pamoja. Na kupika hakuondoi histamini hiyo, hata ukikaanga sana. Dawa iko ufukweni: samaki aanikwe mara tu mitumbwi ikifika asubuhi, juu ya vichanja safi, asilundikwe katika beseni mpaka mchana.

Kolera. Uvira inaijua. Kuhara maji maji mengi kama maji ya mchele, na kutapika, bila vipele na bila midomo kuvimba: usifikiri alerji. Anza kumpa maji ya chumvi na sukari (ORS), na umpeleke mgonjwa kwenye kituo cha kolera mara moja.

Muhogo mchungu. Muhogo usiolowekwa vizuri unabaki na sumu ya sianidi. Inaleta kizunguzungu na kutapika, na ikiendelea kuliwa wiki nyingi bila samaki wala maharagi inaweza kuleta konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu ambao nchi yetu inaujua tangu ulipoandikwa na daktari Trolli mwaka 1938. Loweka siku tatu hadi nne, anika mpaka ukauke kabisa.

Maziwa mabichi. Watu wazima wengi Afrika wanajaa gesi na kuhara wakinywa maziwa, juu ya tumbo kushindwa sukari ya maziwa. Inasumbua lakini haiui, na mara nyingi maziwa ya kuganda yanawafaa. Hiyo si alerji.

Bwaki. Huyu ndiye anayedanganya wazazi wengi. Mtoto mwenye bwaki anavimba miguu na uso, na watu wanasema: "Chakula kinamkataa." Angalia hivi: uvimbe wa bwaki unakuja polepole kwa siku nyingi, unaanza miguuni, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Uvimbe wa alerji unakuja ghafula, kwenye midomo, macho na ulimi. Mtoto wa bwaki anahitaji chakula zaidi. Ukimkataza yai na samaki, unamsukuma kaburini.

Ukiona hivi, usingoje

Vipele vinavyowasha peke yake vinaweza kupita. Lakini moja kati ya dalili hizi ni hatari ya kufa:
- ulimi au koo linavimba, sauti inabadilika, mate hayamezeki;
- mtu anapumua kwa shida, kifua kinapiga filimbi;
- anazimia, anakuwa baridi na mlegevu, hasa mtoto;
- vipele pamoja na kutapika mara nyingi.

Fanya hivi. Mlaze chini na umwinue miguu. Kama pumzi ndiyo inasumbua, mwache akae, lakini asisimame wala kutembea. Akitapika, mlaze ubavu. Usimpe mafuta ya mawese, maziwa wala dawa ya kutapisha. Vitu hivyo vinaweza kuingia katika mapafu. Tafuta kipoyi au gari, na umfikishe kituo cha afya cha karibu. Ukifika sema wazi: "Amekula kitu fulani, saa fulani, na amevimba." Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini kwenye paja, nayo iko katika orodha ya dawa za lazima za OMS. Vidonge vya kuzuia kujikuna havitoshi pale pumzi inapokwama. Na hata akipona, akae kituoni saa kadhaa, sababu ugonjwa unaweza kurudi siku hiyo hiyo.

Koperative ikiwa mbali na barabara, kamati iende kumuuliza munganga mkuu wa kituo: adrenalini iko? Ikiisha, inaletwa namna gani? Ni swali la kuuliza leo, kabla ya shida.

Kutafuta chakula chenye kosa

Usikisie. Andika, au mwambie mtoto anayesoma akuandikie: alikula nini, saa ngapi, dalili gani zilikuja, zilikuja baada ya muda gani. Mara mbili au tatu zinatosha kuonyesha njia. Kisha mwone munganga na karatasi yako. Usijaribu wewe mwenyewe nyumbani kumrudishia chakula mtu aliyewahi kukosa pumzi au kuzimia.

Chakula kikijulikana, ondoa hicho kimoja tu, na uweke kingine pahali pake. Aliyekataliwa na samaki apate maharagi, mayai, nyama. Aliyekataliwa na karanga apate mafuta ya mawese na samaki. Aliyekataliwa na mayai apate ndagala. Mama mmoja wa kikundi chetu aliona vipele kwa mtoto usiku mmoja, akamkatalia mayai, samaki na karanga vyote pamoja. Baada ya miezi michache mtoto alikuwa na bwaki. Vipele vyenyewe, munganga alimwambia baadaye, vilikuwa upele wa kuambukizana.

Na wale watoto wachanga: tuwakataze karanga ili wasipate alerji? Hapana. Mwaka 2015 wanganga wa London walitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto 640 waliokuwa katika hatari ya kupata alerji. Kati ya waliozuiliwa karanga, karibu 17 kwa kila mia walikuwa na alerji ya karanga walipofika miaka mitano. Kati ya waliolishwa karanga mapema, 3 tu kwa mia. Basi, mtoto akifika miezi sita, endelea kumnyonyesha na umwanzishie uji wenye karanga iliyosagwa laini, yai lililoiva vizuri, na unga wa ndagala, kimoja kimoja, kidogo kidogo. Karanga nzima usimpe, itamnyonga.

Kazi ya koperative

Vikundi vingi sasa vinasaga unga wa uji wa kuchanganya: mahindi, soya, mtama, mara nyingine karanga au ndagala. Ni chakula kizuri. Lakini mnunuzi hawezi kuona kwa macho kilichomo. Tunaomba mambo manne:

1. Siku ya kusaga, anzeni na muhogo na mahindi. Soya na karanga zije mwisho.
2. Mkimaliza, fagieni mashini ndani. Kilo ya kwanza ya siku inayofuata ipelekwe kwa kuku au nguruwe.
3. Kila mfuko uandikwe kwa herufi kubwa: INA KARANGA, INA SOYA, INA NDAGALA. Shirika la Codex, lililoanzishwa na FAO na OMS mwaka 1963, lina kanuni ya kutaja vyakula vya alerji kwenye vyakula vya viwandani. Sisi pia tunaweza. Na mnunuzi asiyejua kusoma, muuzaji amwambie kwa kinywa.
4. Mafuta yaliyokaanga samaki yasikaange mikate ya kuuza bila kusema.

Mkinunua chakula cha boksi, tafuteni maneno haya ya Kifaransa: arachide ni karanga, œuf ni yai, lait na caséine ni maziwa, blé ni ngano, poisson ni samaki. Na mtoto anayetibiwa bwaki kwa Plumpy'Nut: pakiti ile imetengenezwa kwa karanga na unga wa maziwa. Kama mtoto wako aliwahi kuvimba kwa kimoja kati ya hivyo, mwambie munganga mbele ya kuifungua. Yeye atatafuta njia nyingine.

Mwisho, kwenye karamu na matanga, mwenye alerji asione haya kuuliza: "Mboga hii iko na karanga?" Na aliyepika asikasirike kuulizwa. Siku mmoja akivimba na wengine wakiwa wazima, mbebeni kwanza mgonjwa mpaka kituoni. Maneno juu ya aliyepika yangoje munganga aseme.

Tuleteeni maswali yenu katika mkutano wa vikundi unaokuja. Tutakuja pamoja na munganga wa kituo.