Kuwasha na Kutuliza Injini Iliyobadilishwa

Mwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990 ambayo injini yake imekwisha nguvu, ikila oili na kutoa moshi wa buluu, aghalabu huona nafuu kwenda Gerezani, Dar es Salaam, akanunua injini nzima ya mtumba ya 5A-FE, kuliko kuifungua ile kongwe na kuitia ringi mpya. Kuing'oa ya zamani na kuifunga ngeni ni kazi ya nguvu na spana. Lakini umahiri wa fundi hudhihirika baada ya boliti ya mwisho kukazwa, saa ya kuiwasha mara ya kwanza na kuisawazisha silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama na mguu haupo kwenye akselereta.

Injini iliyosafiri baharini na kulala stoo miezi kadhaa hukauka ndani, kwa kuwa oili imeteremka na kuziacha beringi tupu. Kwa hiyo, oili na filta mpya zikishatiwa, fundi mwenye hadhari huchomoa fyuzi ya EFI ili injini isiwake, kisha huzungusha stata kwa vipindi vya sekunde 10 hivi, akiipumzisha katikati isije ikaungua, mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo fyuzi hurudishwa. Injini ikiwaka na taa ile ikakawia zaidi ya sekunde chache, izimwe papo hapo, wala asisikilizwe anayenena kuwa itazoea. Na wale wapigao resi kwa furaha ya kusikia mlio wa kwanza, furaha yao yaweza kuwagharimu injini ya pili. Ikipiga mabomu badala ya kuwaka, zitazamwe waya za plagi kwenye delko, maana mfuatano wa moto ni 1-3-4-2, na waya mbili kupishana ni kosa jepesi mno.

Injini baridi hunguruma kwa kasi, na hilo si ugonjwa. Ikishapata moto hushuka yenyewe hadi mizunguko 700 au 800 hivi kwa dakika. Isiposhuka, au ikipanda na kushuka mithili ya mtu anayehema, fundi mwenye pupa hukimbilia bisibisi na kuigeuza skrubu ya silensa. Huo ndio upotofu ninaoulaumu kuliko wote, kwani skrubu huuficha ugonjwa bila kuuponya. Mara nyingi kisa ni hewa ya wizi, ipenyayo kwenye mpira uliopasuka, gasketi iliyokaa upande, au bomba la busta ya breki lililosahauliwa wakati wa kufunga.

Kisa kingine, ambacho wengi hawakidhanii, ni hewa iliyonaswa katika njia za maji. Valvu inayoiongezea injini pumzi wakati wa baridi hupashwa na maji ya rejeta. Maji yasipoifikia, hubaki wazi ilhali injini imekwisha kuchemka, na silensa ikakataa katakata kushuka. Dawa yake ni kuijaza rejeta polepole, gari likiwa limeinuliwa mbele na hita imefunguliwa, hata mapovu yakome.

Baada ya hayo, injini ikiwa na moto kamili, vituo vya TE1 na E1, vilivyo kwenye soketi ya uchunguzi, huunganishwa kwa kipande cha waya, taa ya taiming ikamulikwa kwenye puli, na delko ikazungushwa hadi alama isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Ndipo skrubu, kwa injini iliyo nayo, inapostahili kuguswa.

Nawe mwenye gari, usimalize ujira wa fundi kabla hujaketi mwenyewe nyuma ya usukani, ukawasha taa kubwa na kiyoyozi, ukakata kona hadi mwisho gari likiwa limesimama: injini isitetemeke wala isizime. Kisha nambari ya injini hiyo uipeleke Mamlaka ya Mapato ibadilishwe katika kadi ya gari, kwani siku ya kuuza, mnunuzi mwangalifu ataifungua boneti na kuilinganisha.