K'Ogalo Masikioni mwa Mkamba: Historia ya Jina la Gor Mahia

Mwanafunzi wa fasihi aghalabu huchunguza majina ya wahusika riwayani, akasahau majina yanayotajwa redioni kila Jumapili. Makala haya yanalenga jina moja: Gor Mahia.

Klabu hii iliasisiwa mwaka 1968 kutokana na muungano wa Luo Union na Luo Stars, ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka uo huo. Ilipewa jina la mganga mashuhuri wa Waluo aliyesifika kwa miujiza. Neno 'mahia' katika Kidholuo lina maana ya maajabu. Lakabu ya K'Ogalo nayo yaashiria nasaba: 'kwa Ogalo'. Basi kila mshabiki aitamkapo hukariri kipande cha fasihi simulizi, ajue asijue.

Mwaka 1980 serikali ilivunja vyama vya kikabila. New Akamba Union, chama cha Wakamba kilichoongozwa na Mulu Mutisya, kilikwenda na mafuriko hayo. Timu nazo zilitakiwa kujivua majina ya makabila. Luo Union ikawa Re-Union. Abaluhya, iliyoanza mwaka 1964, ilihifadhi herufi zake AFC kwa werevu: zikafasiriwa upya kuwa All Footballers Confederation, na Leopards ikafuata. (Wanaodai kwamba ufupisho wa maneno hauna siasa na wautazame mfano huu.) Jina la Gor halikutaja kabila bali mtu.

Je, Kitui na Makueni zinahusikaje? Mjomba wangu, mzawa wa Kitui asiyejua neno la Kidholuo, ni shabiki wa kufa wa K'Ogalo. Aliipata timu hiyo kupitia redio, enzi za watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, nayo ilimfikia kwa Kiswahili. Mwaka 1987 Gor ilitoka sare ya 2-2 na Espérance jijini Tunis, kisha 1-1 Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi Barani Afrika kwa mabao ya ugenini, klabu ya kwanza ya Kenya kupata taji la bara. Mjomba husimulia mchuano huo kana kwamba alikuwa uwanjani.

Sarufi yake ndiyo iliyonivutia zaidi. Husema 'Gor Mahia imesajili mchezaji', kwa upatanisho wa ngeli ya I-ZI, lakini 'K'Ogalo wameshinda', kwa ngeli ya A-WA. Jina rasmi ni taasisi. Lakabu ni watu. Kati ya 1995 na 2013, miaka 18 bila ubingwa wa ligi, alibadili tena: 'wao wameshindwa'. Taji liliporejea mwaka 2013 alinipigia simu usiku. Alisema, 'Tumeshinda.'