HIJA NI YA MWENYE UWEZO

Sisi tuliopitia chuoni tulihifadhi nguzo tano za Uislamu tungali wadogo. Lakini wengi wetu tuliisahau sharti inayoambatana na nguzo ya tano: kwamba Hija ni kwa mwenye kuiweza.

Kila Mfunguo Tatu unapoandama, Waislamu wa mataifa yote hukutana Makka. Mwanamume huvua nguo zake za kila siku akajitanda shuka mbili nyeupe zisizoshonwa. Tangu hapo hakuna wa kumpambanua waziri na mchukuzi. Wote huizunguka Al-Kaaba mara saba, wote huenda baina ya Safa na Marwa mara saba, na siku ya tisa wote husimama Arafa. Hapana somo la usawa wa binadamu lililo wazi kuliko hilo.

Hata hivyo, usawa huo hauanzii Makka, huanzia nyumbani. Kurani Tukufu, katika sura ya Aali Imran, aya ya 97, imemfaradhia Hija yule awezaye kuifikia Nyumba ile. Wanazuoni wameueleza uwezo huo: masurufu ya kwenda na kurudi, afya, usalama wa njia, na posho ya wale wanaoachwa nyuma. Mwenye deni lililofika wakati wake hulilipa kwanza. Asiye na uwezo hana dhambi, kwani faradhi haijamfikia. Na aliye nao amefaradhiwa mara moja tu maishani.

Yasikitisha basi kumwona mzee akiuza shamba, tegemeo la watoto wake, ili arudi akiitwa Alhaji. Yatasemwa kwamba mapenzi ya Mungu hayapimwi kwa fedha. Ni kweli, lakini hayapimwi pia kwa njaa ya wajukuu.

Huko Malaya wakulima walikuwa wakiuza mashamba na mifugo yao kwa ajili ya safari hiyo, wakarejea mafukara. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi, Ungku Aziz, alipendekeza mpango wa akiba, na mwaka 1963 chombo cha kuutekeleza kikaanza kazi. Mkulima huweka kidogo kidogo, fedha zake zikazalishwa pasipo riba, hata zitimie. Chombo hicho, ambacho leo huitwa Tabung Haji, kingali hai. Huo ndio uwezo unaojengwa kwa subira na umoja.

Pupa nayo ina gharama yake. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na watu 1,301 walifariki dunia. Serikali ya Saudia ilieleza kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali, na kwamba walitembea masafa marefu juani bila ya kivuli. Hatuwalaumu marehemu, Mungu awarehemu. Lawama ni ya wale wanaoigeuza ibada kuwa biashara, wakamuuzia mnyonge safari isiyo na hema wala ulinzi.

Ndugu msomaji, kama huna, lipa deni lako, lisha watu wako, na uanze kuweka akiba. Kama unacho na umekwisha kuhiji, mtazame jirani yako kabla ya kukata tikiti ya pili. Shuka nyeupe huvuliwa siku chache baadaye. Usawa uliofundishwa nazo ndio unaopasa kurudi nao nyumbani.