Kiwanja cha Mchezo Mlimani: Kwanza Maji, Kisha Mpira

Watu wakaao katika nchi za milima, kama Usambara, Upare na Uluguru, husema mara nyingi ya kwamba michezo ni ya watu wa nchi tambarare. Husema, "Sisi tutacheza wapi? Mpira ukipigwa mara moja hushuka mpaka mtoni." Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Leo twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kutengeneza kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake, au walimu nyuma ya madarasa yao, mahali penye mteremko na mawe, bila kuiharibu ardhi yake wala ya jirani. Twaeleza haya si kwa kuwa sisi ni mafundi, bali kwa sababu tulikosea kwanza, na kosa letu likamwangukia mtu mwingine.

Jambo la kwanza ni kuchagua mchezo ambao mlima waweza kuupokea. Uwanja kamili wa mpira wa miguu huwa na urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Mahali ambapo ardhi hushuka mita 1 katika kila mita 10, upana huo peke yake utashuka karibu mita 7, na hiyo si kazi ya majembe ya jamaa moja. Mpira wa pete huhitaji mita 30.5 kwa 15.25, pasipo kuhesabu nafasi ya pembeni. Lakini mpira wa wavu, mchezo ulioanzishwa na William G. Morgan huko Holyoke, Marekani, mwaka 1895, hutaka mita 18 kwa 9 tu. Ukiongeza mita 3 za kukimbilia kila upande, eneo lote ni mita 24 kwa 15. Kwa hiyo sisi tulichagua huo.

Tulichagua vema mchezo, lakini tulikosa katika kuulaza uwanja. Tulitaka kuuona wote tukiwa tumeketi barazani, basi tukauelekeza urefu wake chini ya mteremko. Upande wa chini tukajenga ukuta mrefu wa mawe na saruji, tusiache hata tundu moja la kutolea maji. Nyuma yake tukamwaga udongo wote kwa mara moja bila kuushindilia. Wakati wa kiangazi kila aliyepita aliusifu. Masika ilipofika, udongo ukanywa maji ukawa mzito, ukuta ukavimba tumbo, na usiku mmoja ukaanguka wote juu ya maharage ya mzee jirani yetu. Asubuhi alikuja, akatazama shamba lake, akasema, "Mwanangu, mpira umecheza wewe, bao nimefungwa mimi." Hakutupeleka barazani. Tulizoa mawe na tope kwa siku nyingi, tukamlipa mbegu na mavuno yake, ndipo tukaanza upya.

Sasa na tueleze njia iliyo sawa. Urefu wa uwanja sharti uukate mteremko, yaani ulale kwa ubavu wa mlima. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika mteremko tuliokwisha utaja, uwanja ukilala kwa ubavu, tofauti ya juu na chini ni mita 1.5. Utachimba sentimita 75 ukingo wa juu, na kujaza sentimita 75 ukingo wa chini, na udongo wa kuchimbwa utakuwa kiasi cha mita za ujazo 67.5. Ukiuelekeza urefu chini, tofauti yawa mita 2.4, na udongo wafikia mita za ujazo 108. Kwa kugeuza kamba tu, umepunguza zaidi ya theluthi moja ya jasho lako, na ukuta umekuwa mfupi.

Wachezaji hupenda uwanja uelekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiwapige machoni. Mlima wetu watazama mashariki, kwa hiyo tulipata yote mawili. Kama mlima wako watazama kaskazini au kusini, utii mteremko kwanza; heri kucheza na jua la jioni kuliko kucheza juu ya ukuta utakaoanguka.

Kupima usawa hakuhitaji chombo cha thamani. Chukua bomba jembamba la mpira lionyeshalo maji ndani, ulijaze maji, hakikisha hakuna povu ndani yake. Mtu mmoja ashike ncha moja penye kigingi cha kwanza, na mwingine ashike ncha ya pili penye kigingi cha mbali. Maji yakitulia, uso wake pande zote mbili u katika usawa mmoja. Tia alama hapo, kisha pima toka alama hata chini.

Kabla ya kuchimba uwanja, chimba mtaro upande wa juu. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya eneo la mita 24 kwa 15 huleta lita 18,000 za maji, yaani mapipa 90 ya lita 200. Zamani maji hayo yalinywewa na majani na udongo mlegevu; sasa uwanja ulioshindiliwa hauyanywi. Ukiongeza yale yashukayo kutoka juu, ni mto mdogo. Mtaro na uyapokee na kuyaongoza polepole mpaka penye majani mengi au mkondo wa asili, wala si shambani mwa mtu. Nenda na jirani yako aliye chini, mwonyeshe mahali maji yatakapopita, mkubaliane mbele ya wazee au viongozi wa kijiji kabla jembe halijainuliwa.

Udongo mweusi wa juu uutenge kando, maana ni chakula cha mimea, nao haufai kujazia. Baadaye urudishe bustanini. Mawe madogo yakusanye, yatakuwa ukuta wako. Jiwe kubwa lichimbwe pande zote na kuondolewa kwa mtaimbo, lakini mtu asisimame kamwe upande wake wa chini, wala asichimbe chini ya jiwe lililoegemea mlima. Jabali ambalo ni mzizi wa mlima lina njia mbili. Kama ni moja, livunjwe kichwa chake hata liwe chini ya uso wa uwanja kwa sentimita 30, kwa kuwa udongo ukishuka baadaye jiwe lililofunikwa kidogo huchomoza na kumwangusha mchezaji. Kama ni mengi, sogeza uwanja. Wako wapasuao jabali kwa kulichoma moto na kulimwagia maji baridi. Njia hii yafanya kazi, lakini vipande huruka kwa nguvu, na moto waweza kukimbilia majani. Pasiwe na watoto karibu, wala isifanywe siku ya upepo.

Ukuta wa mawe makavu, usio na saruji, wafaa sana, kwa kuwa maji hupenya katikati ya mawe. Huko Engaruka, kaskazini ya Tanzania, kuta za mawe makavu zilizojengwa na wakulima wa karne zilizopita zaonekana hata leo. Chimba msingi hata udongo mgumu. Upana wa chini usipungue nusu ya kimo cha ukuta. Uso wake uegemee mlima kidogo, wala usisimame wima. Kila jiwe likalie mawe mawili, na mara kwa mara weka jiwe refu liingialo ndani kuushika ukuta. Nyuma yake jaza kokoto, ndipo udongo. Ukuta ukipita kimo cha mita moja, tafuta fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

Udongo wa kujazia utandazwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka linyunyizwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kuweka la pili. Tabaka la mwisho liwe la changarawe laini yenye udongo. Uso usiwe sawa kabisa. Sheria za mpira wa wavu huruhusu uwanja wa nje uiname milimita 5 kwa kila mita ili maji yaondoke. Acha mita moja au zaidi kati ya nafasi ya kukimbilia na ukingo wa ukuta, na hapo panda ua mnene uzuie mpira na mtoto. Ukingo wa juu uliokatwa upande majani ya tembo. Yatashika udongo na kulisha ng'ombe.

Mwisho, ngoja. Uache uwanja upitiwe na masika moja, ujaze palipobonyea, ndipo usimike nguzo na kufunga wavu: mita 2.43 kutoka chini kwa wanaume, na mita 2.24 kwa wanawake. Baada ya kila mvua kubwa zunguka utazame mtaro na ukuta, kwa maana asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Uwanja wetu wa pili umesimama. Jioni watoto wetu na wajukuu wa mzee yule hucheza pamoja, naye huketi juu ya jiwe moja tuliloshindwa kuling'oa, akihesabu mabao. Mvua inyeshapo, yeye na sisi twatoka pamoja kuutazama mtaro.